Tarehe ya Kifunikoni

Kijiwe cha Fundi Viatu hakina makubwa: benchi moja la mbao lililofungwa waya mguu mmoja, sanduku la misumari na gundi, na ukuta wa duka unaowapa kivuli mpaka adhuhuri. Lakini wenyewe wakishakaa, utadhani bunge. Kuna Karani, aliyestaafu kazi ya mihuri na mpaka leo hasomi karatasi bila kuitafutia kosa. Kuna Daktari, ambaye hospitali aliijua kwa kudeki korido zake miaka kumi na minane. Na kuna Nahodha, mwenye baiskeli ya mizigo, ambaye hajapanda hata mtumbwi ila hakuna safari asiyoijua. Muuza kahawa huinamisha birika, vikombe vinazunguka, na maneno nayo yanazunguka. Ila asubuhi hiyo, tarehe kumi na saba mwezi wa tisa, hakuna aliyeanza na utani. Fundi alikuwa amelitoa kopo la maziwa ya mtoto kwenye mfuko na kuliweka katikati ya benchi.

Mjukuu wake wa miezi miwili na ushee alikuwa amemaliza kopo lake alfajiri. Dukani, nyuma ya ukuta huo huo, wamesema mzigo unaingia kesho. Nyumbani likabaki hili, lililokuwa juu ya kabati, na unga wake vidole viwili tu. Dada yake Fundi, ndiye anayemlea mtoto, alikataa kuukoroga mpaka mtu anayejua tarehe alitazame. "Mtoto hana mama huyu," alisema, "tusimchezee." Fundi hakubisha. Mama wa mtoto alikuwa binti yake, na hata miezi miwili haijatimia tangu wamzike.

— Nisomeeni, ndugu zangu, akasema. Mtoto ana njaa.

Karani alivaa miwani yake ya mkono mmoja, akaligeuza kopo kichwa chini.

— Kitakoni wamepiga sifuri nane, halafu kumi na moja, halafu mwaka huu. Tarehe nane, mwezi wa kumi na moja. Bado kabisa. Mkorogee.

— Taratibu, mzee, akasema Daktari. Kuna wenzetu hutanguliza mwezi. Hiyo yaweza kuwa mwezi wa nane, tarehe kumi na moja. Imeshapita.

— Tangu lini mwezi ukatangulia siku? Siku ndizo zinazozaa mwezi, bwana!

— Kwani kiwanda ni chako?

Nahodha akapuliza kahawa yake.

— Mnagombea nini? Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki.

— Loo! Tunaongelea maziwa ya mtoto, wewe!

— Naongelea tarehe, Karani. Tarehe zote ni ujanja wa kampuni ili urudi dukani. Hata chumvi ina tarehe. Chumvi! Imekaa baharini tangu dunia iumbwe, leo itiwe kwenye pakiti, basi ife baada ya miaka miwili?

— Chumvi si maziwa, akasema Daktari. Nilideki wodi ya watoto, niliyasikia kwa masikio yangu haya. Kuna "bora kabla ya," na kuna "mwisho wa matumizi." Ya kwanza ni ya ladha. Biskuti ikipita hapo inalegea, utaila huku unanung'unika, basi. Ya pili ni ya uhai. Ikipita, unatupa.

— Na hii ni ipi? akauliza Fundi.

Daktari alilisogeza kopo mbali na macho, akalirudisha karibu.

— Maneno yamefutika. Zimebaki namba.

— Si nilisema! Nahodha akajipiga paja. Wamefuta wenyewe. Kuna watu kazi yao ni hiyo, kitambaa na spiriti, ghala zima kwa siku moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Kopo liko nguoni mwa nani?

— Methali haiulizwi, Daktari.

Karani naye hakutaka kupitwa.

— Sikilizeni. Hata kama imepita, saa za kiwandani si saa zetu. Kwao kukipambazuka, kwetu ni usiku. Kwa hiyo tuna nusu siku ya nyongeza.

— Nyongeza ya nini, ikiwa imepita mwezi mzima?

— Nusu siku kwa kila siku! Zijumlishe uone.

Hapo Daktari, aliyekuwa na akili mpaka dakika hiyo, naye akateleza. Alisema kopo likiwekwa kichwa chini maziwa hayazeeki, maana hayajui juu ni wapi. Nahodha akakubali kwa kichwa, na Nahodha hajawahi kumkubalia Daktari neno.

Fundi alikuwa anauvutavuta uzi wa kiatu kisicho na tatizo. Alichotaka kwao kilikuwa kimoja tu: waseme ndiyo. Kopo hilo binti yake alilifungua kwa mkono wake. Siku chache baadaye hali ikambadilikia, akalazwa, mtoto akachukuliwa na dada yake Fundi, naye akamfungulia kopo jingine. Hili likabaki juu ya kabati, na Fundi akakataza lisiguswe. Moyo wake ulimwambia kwamba mtoto akinywa humu, hata chupa moja, atakuwa amenyweshwa na mama yake mara ya mwisho. Alijua si akili hiyo. Ni uchungu tu, na uchungu hauna mwalimu.

— Ala! Hapa juu pana nyingine, akasema Nahodha, amekishika kifuniko. Kwa kalamu. Ishirini na saba, kijistari cha mshazari, saba.

— Mwenye duka amesahihisha, akasema Karani.

— Hapana, hiyo idadi ya vijiko, akasema Daktari.

— Au namba ya mteja aliyelikataa!

Fundi aliziona zile saba mbili, kila moja imepigwa kijistari kama mkanda kiunoni. Walimu walimkataza binti yake kuandika hivyo tangu darasa la kwanza, naye hakuacha. Aliujua mwandiko tangu siku ya kwanza, ila hakujua uliandikiwa nini. Hakusema, maana angefungua mdomo angelia mbele yao.

— Basi kikao kimeamua, Karani akatangaza. Kumi na moja ni mwezi. Kopo ni zima. Fundi, mpeleke mtoto chakula.

Fundi akanyoosha mkono. Wakati huo akafika mwanamke amevaa sare ya uuguzi, kandambili moja mkononi, kamba imekatika.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, Sista. Karibu.

Aliliona kopo, akawaona wanaume wanne walivyoliinamia, akauliza kwa upole tu:

— Lilifunguliwa lini?

Karani akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Nahodha. Nahodha akanyoosha kikombe kiongezwe, muuza kahawa akatikisa birika: tupu.

Muuguzi alilizungusha kopo ubavuni, akawaonyesha mstari mdogo ambao hakuna aliyeutazama, kwa kuwa wote walikuwa wanasoma kitako: likishafunguliwa, litumike ndani ya wiki nne.

— Tarehe ya chini ni ya kopo lililofungwa, akasema. Likifunguliwa, hesabu ni nyingine. Ndiyo maana kliniki tunawafundisha kina mama waandike juu ya kifuniko siku waliyofungua. Akakigeuza kifuniko, akasoma: tarehe ishirini na saba, mwezi wa saba. Huyu mama alitusikiliza. Ni mama mwangalifu huyu. Yuko wapi?

Karani alivua miwani.

— Ni binti yangu, Fundi akasema. Tumemzika.

— Pole sana, baba. Muuguzi alikirudisha kifuniko mikononi mwake. Aliwaandikia ninyi, ili mtu asije akakosea. Zimepita wiki saba. Usimpe mtoto. Duka la dawa la kwenye geti la hospitali wanayo mapya, nimetoka huko sasa hivi. Mmekaa hapa tangu saa ngapi?

Nahodha alikuwa keshapanda baiskeli.

Fundi aliumwaga unga kwenye shimo la taka mwenyewe, kwa mkono wake, na machozi yakamtoka, na hakuna aliyegeuza uso. Kisha akaishona ile kandambili mara mbili ili isikatike tena.

Nahodha aliporudi, jasho tupu, Fundi alilichukua kopo jipya akaenda nalo nyumbani. Dada yake alichemsha maji. Fundi akafungua, akaomba kalamu kwa mtoto wa shule wa jirani, akaandika kifunikoni polepole: 17/9. Saba akaipiga mkanda kiunoni.

— Umeanza lini kuandika saba hivyo? dada yake akauliza.

— Leo, akasema, akamchukua mtoto.