Yasmini Hajafanya Zoezi

Kijiwe cha Bungu kina benchi mbili na jiko la kahawa la Shaban, hatua chache tu kutoka lami, na hapo mtandao unashika vizuri. Ndiyo maana mwalimu Zefania alikuja asubuhi ile kujaza fomu kwenye simu. Shule yake, huko ndani, ilikuwa imejaribu programu ya masomo ya mtandaoni kwa miezi mitatu, na wenye programu sasa walitaka tathmini. Nusu alishajaza. Swali la kumi na mbili ndilo lililomkwamisha: "Je, wanafunzi walipata mtandao kwa urahisi?"

— Andika ndiyo, ticha, alisema Fikirini, waliyemwita Waziri kwa kuwa hakosi jibu. Ukiandika hapana wanaihamishia Dar, sisi tunabaki na chaki.

— Waache waihamishe! Mshamu, fundi simu, jina la kijiweni Injinia, alitua kikombe. Ile ni sikio, bwana. Inanasa sauti za watoto, inapeleka ng'ambo.

— Wasikilize nini, Kindengereko chetu? Waziri aliuliza.

— Hicho hicho! Wakishakijua wanaunda mwalimu wa bati. Huyu Zefania kwisha habari yake.

— Na mzazi wa bati, Shaban alidakia huku akimimina. Mtoto atazaliwa na simu, atazikwa na simu.

Neno lilishamtoka. Wote wakainamia vikombe.

Wiki tatu nyuma Yasmini, msichana wa kidato cha pili, alitembea kutoka kijijini kwao, kusikoshika mtandao, hadi barabarani kufanya zoezi. Alisimama ukingoni mwa lami, simu ya mama yake kaiinua juu, lori likamgonga, akafa. Aliyewaambia wanafunzi waende barabarani ni Zefania. Tangu siku ile hakuwa amelala usingizi wa maana.

— Asalaam aleikum.

Alikuwa Mwanamina, mama yake Yasmini. Waliitikia kwa sauti za chini, wakampisha. Hakukaa. Alifungua pindo la kanga, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka.

— Nimekufuata shuleni, mwalimu, wakaniambia uko huku. Inalia kila siku alasiri. Nisomee.

Zefania alisoma:

— "Yasmini, hujafanya zoezi siku ishirini na moja. Usikate tamaa! Tunakusubiri."

— Hawa wanaambiwaje kwamba amekufa?

— Tuifute tu, mama, alisema Injinia.

— Sikusema ifutwe, mwanangu. Nimeuliza wanaambiwaje.

Waziri alitazama ndala zake. Zefania alifungua programu, akapekua juu hadi chini. Badili picha. Badili darasa. Alika rafiki. Akarudia mara ya pili; pa kuarifu kifo hapakuwepo.

— Mama Yasmini, alisema mwishowe, mimi ndiye niliyewatuma barabarani.

— Hilo nalijua, mwalimu. Sijauliza hilo.

Akakaa mwisho wa benchi, akasubiri.