Gidioni Eliezeri Nkya, Dereva Aliyeambiwa Haangalii

Wazee wetu, shikamooni. Na ninyi nyote mliopanda mlima huu na tope lake, poleni kwa njia. Aliyelala hapa mbele yenu ni Gidioni Eliezeri Nkya, na anayemsimulia ni dada yake, Beatrice. Kazi hii hakuiomba, amepewa na ukoo.

Gidioni alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981 hapa hapa Uduru, Machame, akiwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Eliezeri na wa Mama Margareta, ambaye tunaye hapa. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika huu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1989, akamaliza la saba mwaka 1995. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, na tusimpambe, kitabu na yeye hawakuwa marafiki. Baba yake mdogo, Ezra, akampandisha kwenye pikapu yake ya ndizi, na shule yake ikawa barabara ya kushuka Bomang'ombe. Sheria ya Ezra ilikuwa moja: honi kila kona. Migomba hufunika njia, na nyuma ya kona kuna mama amejitwika majani ya ng'ombe hata uso wake hauonekani.

Leseni aliipata mwaka 2002. Mwaka 2009 alianza kuendesha basi la shule Moshi mjini, akahamia mtaa wa Soweto huko huko mjini. Kwa miaka kumi na minne hakugonga hata kuku. Watoto walimwita Anko Gidi. Alijua ni nani hutapika njiani akamkalisha dirishani, na ni nani hulia asubuhi akampa kazi ya kuhesabu wenzake. Kazi hiyo aliipenda kweli.

Tarehe 15 Desemba 2007 alifunga ndoa na Elisifa, mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka 2010 Mungu akawajalia binti, Grace. Nyumba ile ilikuwa na kelele! Gidioni alipika mwenyewe Jumamosi, akaunguza mwenyewe, na akala mwenyewe huku akisifia.

Mwaka 2022 zikaja habari kwamba kampuni moja ya mabasi huko Ujerumani inatafuta madereva. Gidioni, yule yule aliyekimbia vitabu, akakaa na Kijerumani mwaka mzima. Februari 2023 akapata kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, kijitabu cha kijivu chenye picha yake. Kilipita mkono kwa mkono hapa nyumbani huku watu wakila mtori.

"Sasa wewe ni dereva wa dunia nzima," Ezra alimwambia. "Hata trafiki wa Ulaya atakupigia saluti."

Ukoo mzima uliamini hivyo. Kumbe kijitabu kile ni tafsiri tu ya leseni ya nyumbani, na kule kilimfaa miezi sita basi. Baada ya hapo alitakiwa kufanya mtihani wa nchi ile, kwanza wa gari dogo, ndipo wa basi. Makubaliano na kampuni yalikuwa wazi: akifaulu, anabaki na kuwaita Elisifa na Grace, akishindwa mara tatu, anarudi. Aliondoka tarehe 4 Aprili 2023.

Mtihani wa kwanza, mwezi wa kumi, alipiga honi kila kona. Mji wa watu, kimya, wazee wamejipumzikia, naye anapiga honi. Msimamizi akamuuliza, "Unamwita nani?" Gidioni akajibu kwamba hamwiti mtu, anaonya tu kwamba anakuja. Akafelishwa. Aliposimulia kwenye simu alicheka hadi akakohoa, na huku Elisifa na Grace walicheka naye. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi wakati ule.

Mtihani wa pili, Februari 2024, mkono wake haukugusa honi. Ila kwenye njia panda alimkosakosa mwendesha baiskeli aliyetokea kulia. Mwalimu wake wa udereva, aliyekaa kando yake, alikanyaga breki za upande wake, na msimamizi akamwambia, "Wewe huangalii." Mwalimu naye akasema vivyo hivyo, kwamba ni mzoefu anayejiamini kupita kiasi. Jioni ile alimpigia mkewe.

"Mama Grace, wanasema siangalii."

"Si uangalie basi, baba Grace! Tumebakiza mtihani mmoja."

"Naangalia. Mungu ni shahidi, naangalia."

Kabla ya mtihani wa tatu alipelekwa kwa daktari wa macho. Mwanzoni alikuwa amepimwa herufi za ukutani tu, akazisoma zote. Safari hii alikazia macho mbele, akaambiwa aseme kila akiona mwanga pembeni. Alikaa kimya, na daktari akazidi kuwasha taa. Pembeni alikuwa haoni kitu, kulia wala kushoto. Uvimbe ndani ya kichwa ulikuwa unabana mishipa ya macho. Mtihani wa tatu haukufanyika, na kampuni ikamkatia tiketi ya kurudi.

Alifika Julai 2024. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam mwezi wa tisa, lakini madaktari walisema uvimbe umeshajipenyeza mahali pasipofikika. Krismasi alikuwa haoni kabisa. Tulimwombea, jamani, tulifunga, na hali ikazidi tu kushuka. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi alfajiri, Elisifa akiwa amemshika mkono.

Yule msimamizi hajui. Mwalimu wake hajui, na kwao Gidioni amebaki mzembe. Haisaidii kitu sasa, lakini dada yake ataisema mbele ya mwili huu: alikuwa anaangalia. Aliangalia kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemwamini, hata sisi wa nyumbani.

Ameacha mama yake, Margareta. Kaka yake, Valerian. Dada yake, Beatrice. Baba mdogo Ezra. Na mjane, Elisifa. Ameacha binti mmoja, Grace, aliyekuwa ameshaaga wenzake shuleni kwamba anamfuata baba yake Ujerumani.

Lala, kitinda mimba wetu. Bwana akupe pumziko la amani. Amina.