Jina la Aliyebeba Sinia

Mheshimiwa Afisa Utamaduni, ambaye ndiye mgeni wetu rasmi, mzee wetu mwenye ukumbi, ndugu watazamaji:

Karibu, mheshimiwa. Kiti ulichokalia ni cha jukwaani, mguu mmoja tumeufunga kwa kamba, tafadhali usiegemee. Si mara yako ya kwanza kukikalia. Miaka minane iliyopita ulisikiliza risala yetu, ukapiga makofi, ukaondoka kabla pazia halijafunguliwa. Sisi hatujasahau.

HISTORIA YETU

Tuko waigizaji kumi na mmoja. Mwenzetu tunayemwita Dada Sinia alicheza mtumishi wa ndani miaka kumi na tisa. Kauli yake ilikuwa moja tu: "Chai tayari, bwana." Lakini mtumishi hukaa jukwaani muda mrefu kuliko wote, kwa hiyo alijua maneno ya kila mtu. Mwongozaji wetu wa zamani akisinzia, yeye ndiye alituongoza, kwa vyombo: kikombe kikiwekwa kushoto, tunasogea kushoto, kijiko kikigongwa, tunaharakisha. Ninyi mlidhani anaandaa chai.

MAFANIKIO

Ameandika mchezo wake mwenyewe, nyuma ya karatasi za michezo ya wengine, na ameuongoza. Siku ya kwanza ya mazoezi alianza tena kutuongoza kwa kijiko na kikombe, tukamwambia, "Dada, weka sinia chini, sema kwa mdomo!" Akajibu, "Mikono imezoea, nivumilieni." Tukacheka. Yeye hakucheka.

CHANGAMOTO

Taa mbili zimekufa. Hilo tumelizoea, tuliache. Kilichotuchosha ni kibali cha kuuonyesha mchezo huu. Ofisi yako imekirudisha mara tatu. Karani alituuliza, "Huyu si yule wa chai? Andikeni mwongozaji anayejulikana." Tukakataa. Jana kimekuja kimeshajazwa: mtunzi na mwongozaji ni yule mwongozaji wetu wa zamani aliyekuwa akisinzia, ambaye hajausoma hata ukurasa mmoja. Mwenyewe yuko mstari wa nyuma pale, anashangaa kama sisi.

OMBI

Tulikuja na maombi saba. Tumechoka kuomba, tumebakiza moja. Kibali kiko mezani mbele yako, na kalamu. Kata jina lile, andika la Dada Sinia, tia sahihi. Kisha ubaki utazame.

Yuko nyuma ya pazia, ameshika kamba ya kulifungulia. Ametutuma hivi: "Akiandika jina langu, navuta. Asipoandika, waambieni watu warudi makwao. Chai ya mtu sibebi tena."

Mungu akupe afya, mheshimiwa, na akujalie kukaa kitini hadi mwisho.

Ni sisi,
Waigizaji wa Ukumbi wa Nyuma ya Karakana.

Tunasubiri kalamu.