Wasifu wa Marehemu Mama Zege, Aliyejenga Uwanja Akanyimwa Timu

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi mlioacha kazi leo, na viongozi wa klabu mlioketi mstari wa mbele. Mimi ninayesoma ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kuzaliwa. Wanawe walinipa kazi hii, na jana wakaniomba nipunguze makali. Nimepunguza. Yaliyobaki ndiyo yaliyokataa kupungua.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi breki na mama mshona sare. Baba alitazamia mtoto wa kiume. Akapata dada, na hakuwahi kulalamika, maana kabla dada hajaanza shule tayari alikuwa anamshikia tochi chini ya behewa. Nyuma ya nyumba zile palikuwa na kiwanja cha changarawe ambapo wavulana walicheza mpira, naye akicheza beki. Walimkubali kwa sababu mpira ulikuwa wake. Aliushona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya mama. Akiudhiwa, aliuweka kwapani akaenda nao nyumbani, na mechi ikaishia hapo. Shemeji yangu, mume wa dada, husema huo ndio ulikuwa umiliki wake wa kwanza wa timu, na ndio pekee uliofanikiwa.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1972, kisha akasoma miaka miwili sekondari ya wasichana, ambako mkuu wa shule alimnyang'anya mipira hadi akachoka. Januari 1975 aliingia chuo cha ufundi kusomea uashi, mwanamke peke yake darasani. Siku ya kwanza mwalimu alimtazama juu mpaka chini akamwambia, "Binti, darasa la ushonaji liko jengo lile pale." Dada akajibu, "Najua, mwalimu. Ndiyo maana sindano nimeziacha nyumbani." Alihitimu Novemba 1977, na mwalimu yuleyule ndiye aliyemtafutia kazi ya kwanza.

Alifanya kazi idara ya ujenzi hadi mwaka 1986, alipoanzisha kampuni yake mwenyewe. Wodi ya wazazi ya kituo cha afya ni kazi yake. Mitaro ya sokoni ni kazi yake. Madarasa mengi ambamo watoto wenu wamesomea ni kazi yake, na hakuna hata moja lililovuja. Jina la Mama Zege alipewa na vibarua wake, kwa sababu hakuamini kitu chochote kilichosimama bila zege, wakiwemo baadhi ya watu. Ukitembea naye mjini ilibidi uwe na subira: kila ukuta mpya aliupiga kofi, akasikiliza, akaguna, akaendelea na safari. Kuna mwenye duka alitoka mbio akidhani wameingiliwa.

Tarehe 9 Juni 1984 alifunga ndoa na fundi umeme, ambaye pia alikuwa golikipa wa akiba wa klabu ya mji wetu. Nasema wa akiba kwa heshima zote; shemeji mwenyewe husema alikaa benchi muda wote ule ili dada apate mtu wa kumtazama. Walijaliwa watoto watatu. Kila mechi ya nyumbani dada alikwenda, na kila mechi alikwenda na koo kavu, hakunywa hata tone tangu asubuhi, kwa kuwa uwanja wa zamani haukuwa na choo cha wanawake. Wanaume mlikuwa na ukuta wenu kule nyuma. Wanawake walibana mpaka filimbi ya mwisho.

Oktoba 1997, siku ya mechi kubwa, watu walijaa hadi wakapanda juu ya ukuta wa upande wa barabara. Ukuta ukaanguka. Shemeji, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu mpira, alikuwa chini yake. Mfupa wa nyonga ulivunjika, na fimbo mnayoiona mkononi mwake leo ameishika tangu siku ile. Dada alipotoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa klabu akamwambia atajenga jukwaa la kukalia watu, kwa gharama zake, wao waseme tu wapi. Mwenyekiti akamshukuru sana. Akamwambia aandike barua. Akaandika. Akaambiwa barua inafanyiwa kazi. Ndugu zangu, barua ile inafanyiwa kazi mpaka leo.

Ndipo akaniambia sebuleni kwake, huku akimfunga shemeji bandeji, "Kama fundi hawanijibu. Ngoja niwe mwenye timu, tuone kama hawatanijibu."

Hakuwa anatania. Mwaka 2003 alinunua shimo la zamani la kuchimbia udongo wa matofali, nje kidogo ya mji, ambalo kila mtu aliliona takataka. Nilipokwenda kuliona nilimuuliza kama ana homa. Akanishika bega akanigeuza polepole, anioneshe kingo zote. "Limeshajichimba lenyewe," alisema. "Mimi naweka ngazi tu watu wakae, na majani chini. Tazama, hakuna atakayezuiwa na kichwa cha mwenzake." Nikatazama, na kwa mara ya kwanza nikauona. Lilikuwa bakuli, na dada alikuwa ameshaketi kwenye ukingo wake akitazama mechi ambayo haijachezwa.

Alipeleka pendekezo klabuni mwaka 2005. Lilikuwa jepesi: yeye achukue nusu ya timu, nusu ibaki kwa wanachama, naye ajenge uwanja, na chini ya klabu hiyohiyo pawe na timu ya wasichana. Mwenyekiti alimkaribisha kwa maneno laini, kama kawaida yake.

"Mama, sisi tunakuheshimu. Lakini klabu hii ni ya wananchi."

"Hao wananchi ndio walioangukiwa na ukuta, mwenyekiti."

"Ndiyo maana lazima waamue wao. Tutaitisha mkutano mkuu."

Mkutano ukaitishwa, ukaahirishwa kwa kukosa akidi. Ukaitishwa tena, wanachama wakatimia, ila katikati ya hoja yake nusu yao wakatoka kwenda kutazama mpira kwenye televisheni ya hoteli jirani, akidi ikavunjika. Safari nyingine ukumbi ulikuwa na harusi. Safari nyingine katibu alikuwa na ufunguo, na katibu alikuwa safarini. Huku nako halmashauri ikamzungusha na kibali: ofisa akielewa, anahamishwa, akija mpya, tunaanza na "Karibu, mama, shida yako ni nini?" Dada alikuwa akirudi nyumbani anavua viatu mlangoni na kukunjua upya michoro ya uwanja.

Mwaka 2009, hatimaye, kura ikapangwa na watu wakaja. Na siku hiyohiyo akatokea mwekezaji, mgeni, viatu vinang'aa, na picha zake akazimulika ukutani. Uwanja wenye paa pande zote. Hoteli ndani yake. Lifti. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Dada akanyoosha mkono, akauliza swali moja: "Choo cha wanawake kiko wapi hapo?" Watu wakacheka. Mwekezaji naye akacheka, akasema hayo ni mambo madogo. Wakampa timu.

Sina haja ya kuwasimulia yaliyofuata, mlikuwapo. Alibadilisha rangi za jezi. Alimuuza mshambuliaji wetu. Mwaka 2011 simu yake ikawa haipatikani, timu ikashuka daraja na kurudi mikononi mwa wanachama, na pale alipopanga kujenga lifti hakuna hata tofali. Mwenyekiti alibaki kuwa mwenyekiti.

Dada yeye akajenga. Kibali kilipotoka mwaka 2010 alikuwa ameshanyimwa timu, na sote tulidhani ataacha. Hakuacha. Kila alipomaliza kazi ya watu alihamishia mafundi shimoni, wakaongeza ngazi. Mji ukamcheka. Mbuzi wa jirani wakaingia kula majani, vijana wa bodaboda wakauita Uwanja wa Mbuzi, wakawa wanamuuliza leo wanacheza mbuzi gani. Yeye alijibu, "Angalau hawa wanafika kwa wakati, na akidi inatimia."

Napenda niwaambie siku moja ambayo alifurahi, maana msiende nyumbani mkidhani maisha yake yalikuwa hasira tupu. Mei 2019 viwanja vya shule vilijaa maji, na walimu wakamwomba fainali ya wasichana ichezwe kwake, ambako mitaro aliyoichimba haikuacha maji yatuame. Alifyeka majani mwenyewe pamoja na mafundi. Watu walikuja wakaketi kwenye ngazi zake, na kelele zikazunguka lile bakuli hata mimi nywele zikanisimama. Ila dada hakuweza kunyamaza. Alimsema refa, mwalimu kijana wa kike, tangu mpira wa kwanza. Refa akamwonya. Hakusikia. Akasimamisha mchezo, akanyoosha kidole kuelekea getini, na mwenye uwanja akatolewa nje ya uwanja wake mwenyewe. Nilimfuata nikidhani amevunjika moyo. Nilimkuta ameshika nondo za geti kwa mikono miwili, anachungulia, anacheka mpaka machozi. "Refa huyu yuko sawa," aliniambia. "Huyu haogopi mtu. Tungekuwa naye klabuni."

Mwaka 2021 wakaguzi wa ligi wakaufungia uwanja wa zamani. Timu ikawa inacheza mechi za nyumbani mji mwingine, na mashabiki wanapanda malori kwenda kuifuata. Hapo ndipo mwenyekiti alipokumbuka njia ya kwetu. Alikuja akaketi sebuleni, akasifu chai, akaomba wapewe uwanja. Dada akamrudishia pendekezo lake la mwaka 2005, bila kubadili hata neno. Mwenyekiti akasema atalipeleka kwenye mkutano mkuu.

Alipoondoka, shemeji alimwambia, "Wape tu wacheze, mke wangu. Watu wanateseka barabarani."

"Nikiwapa hivihivi, mwaka kesho wataniita mkutanoni kunidai funguo," dada akajibu. "Nimejenga na kila mtu akinicheka. Sasa niwe mgeni humo?"

Wengi mlimlaumu kwa hilo. Mlisema ana roho ngumu, anaua timu. Hata mimi nilikuwa upande wa shemeji, nikamwambia. Hakuniongelesha karibu mwezi mzima. Lakini nawauliza mliomlaumu: kwa nini mkutano ule ulishindwa kukaa mwaka 2021, ukashindwa 2022? Nani alikuwa na roho ngumu?

Mwanzoni mwa 2023 alianza kulalamika maumivu ya mgongo. Tulidhani ni kazi. Mwezi Juni madaktari wakagundua saratani ya kongosho, na walituambia wazi kwamba imeshasambaa. Aliendelea kwenda shimoni hadi Novemba, akiketi kwenye kiti cha plastiki na kuelekeza kwa fimbo ya shemeji. Vyoo vya wanawake vilimalizika wakati huo, upande wa kusini, vyenye maji na milango inayofunga. Alivikagua mwenyewe, mlango mmoja mmoja.

Februari mwaka huu, dada akiwa amelazwa, mwenyekiti alikuja na katibu, na matunda.

"Mama," akasema, "furahi. Mkutano umepitisha. Nusu ya timu ni yako."

Dada alifumbua macho. "Akidi ilitimia?"

Mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu akatazama dripu.

"Ilikaribia," akasema mwenyekiti.

"Basi rudini mkaikamilishe," dada akasema. "Sitaki kura ije ibatilishwe kwa hilo. Nipo, nawangoja."

Walipanga mkutano tarehe 9 Machi. Dada alifariki dunia tarehe 3 Machi 2024 asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono na binti yake wa pili akimlowanisha midomo. Juzi tumepokea taarifa kuwa mkutano ule umeahirishwa. Kwa sababu ya msiba.

Uongozi uliomba pia jeneza lizungushwe kwenye uwanja wa zamani, kwa heshima. Familia imekataa. Tunasema kwa upole, lakini tumekataa. Uwanja wake mnaujua uliko. Funguo anazo binti yake wa pili, mkandarasi kama mama yake, na masharti ni yaleyale. Kipengele cha timu ya wasichana hakijadiliwi, na wameshaanza mazoezi humo.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, yaani mabinti wawili na mtoto wa kiume, wakwe wawili, wajukuu watano, sisi wadogo zake wawili, mafundi na vibarua ambao aliwaita wanangu na kuwafokea kama wanawe, na wasichana wa timu ambayo bado haijapewa jina. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na yule mwalimu refa, ambaye amekuja leo amesimama kule nyuma. Mwalimu, sogea mbele ukae na familia.

Dada, umengoja kwenye korido, kwenye kumbi, kwenye madawati ya maofisi, na hukuwahi kulala usingizi wa kutosha hata siku moja. Lala sasa kwa amani. Kungoja kumekwisha kwako. Wanaongojwa ni walewale, viongozi wa klabu; kuanzia leo tunaongoja ni sisi.