Pamoja, Mzee Wetu

Mimi sina tabia ya kusikiliza maneno ya watu. Siku ile ndani ya basi nilisogeza tu mtandio ili sikio lipate hewa.

Mbele yangu fundi saa mmoja mstaafu alikuwa anabonyeza simu: TPS, TPS, chini ya kila picha ya mgombea. Nesi aliyeketi naye uzalendo ukamshinda. "Baba, kumbe wewe mtu wa chama?"

"Chama gani, mwanangu! Ni Tusonge Pamoja Sote. Hata sura ya huyo mgombea naichanganya na ya mpinzani wake. Lakini nikiandika 'habari za asubuhi' hanijibu mtu. Nikiandika TPS, watu arobaini wananiitikia: pamoja, mzee wetu!"

"Na uchaguzi ukishapita keshokutwa?"

Kioo cha simu kikazimika mkononi mwake, naye asikiguse. "Nina wajukuu sita," akasema. "Sasa hivi wananingoja mezani. Nikichelewa hawali."

"Wasalimie sana, baba."

Basi likafika mwisho. Sote tukainuka, yeye akabaki ameketi. Kondakta akamgusa bega taratibu. "Mzee, unarudi nasi tena? Hii mara ya nne leo."