Skolastika Niyitegeka, Aliyepima Watoto wa Nduta

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliokuja kutufuta machozi, tunaomba utulivu tumsome mpendwa wetu.

Marehemu Skolastika Niyitegeka alizaliwa tarehe 12 Februari 1983 katika kata ya Makere, Kasulu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa mkulima wa maharage na mihogo. Mama yake, Bi. Anjelina, yuko hapa mbele yetu leo, na hakuna mzazi anayestahili kukalia kiti hicho.

Alianza darasa la kwanza Makere mwaka 1991 na kumaliza la saba mwaka 1997, kisha akasoma sekondari mjini Kasulu hadi kidato cha nne, mwaka 2001. Hesabu ndiyo iliyokuwa chakula chake. Mdogo wake, Fidele, anayesoma wasifu huu, aliyamaliza madaftari ya dada yake kwa kunakili majibu, naye dada alijua na hakumsema.

Tarehe 19 Juni 2004 alifunga ndoa na Bw. Makarius, fundi seremala wa Kibondo, wakajaliwa watoto watatu: Deborah mwaka 2005, Junior mwaka 2010, na Reine, aliyezaliwa tarehe 6 Oktoba 2017.

Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena, aliajiriwa mwaka 2016 kwenye hema la lishe. Kazi yake ilikuwa kupima watoto: uzito, urefu, na mkono kwa ule utepe wenye rangi. Aliyeangukia kwenye nyekundu alianzishiwa chakula maalumu siku hiyohiyo. Mikono yake ilizoea kiasi kwamba siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani alimpakata akasema, "Huyu ni kilo sita na robo." Padri akacheka. Kesho yake kliniki mzani ukasoma sita na gramu mia tatu, na Skolastika akadai mzani ndio uliokosea.

Wazee wa familia walishauri tuandike kwamba aliugua kwa muda mrefu, tuishie hapo. Mwenyewe alikuwa amekwisha kukataa kabla hajafa, akamwapisha Fidele ayasome yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kimekwisha kuumbua vya kutosha katika nyumba hii.

Alipokuwa na mimba ya Reine alipimwa akakutwa na kisukari cha mimba. Alielezwa kwamba sukari ile kwa kawaida hushuka mama akijifungua, lakini mwanamke aliyewahi kuipata yuko karibu na kisukari chenyewe kuliko wenzake. Basi arudi kupimwa baada ya wiki sita, na baadaye asikose kila mwaka. Reine alizaliwa kwa upasuaji akiwa na kilo nne na gramu mia nane. Kwa mama aliyeshinda akishika mikono ya watoto iliyokonda, ile ilikuwa sherehe. Jina alilitoa Marguerite, mwenzake wa kazini kutoka Burundi, aliyesema mtoto wa unene ule lazima awe malkia, na Reine kwa Kifaransa ndiyo malkia. Ndugu walishuka kutoka Makere na sukari ya uji wa mzazi, kama tunavyofanya sote, na hakuna aliyeuliza kama mama amerudi kupimwa. Kila mwezi Skolastika alimpeleka Reine kliniki. Mtoto alipandishwa kwenye mzani, kadi ya mtoto ikaandikwa, wakarudi nyumbani. Yeye mwenyewe hakupimwa, si baada ya wiki sita wala baada ya miaka sita. Mganga hajigangi.

Mwaka 2023 alianza kukonda, na hapo ndipo kazi yake ilipompotosha. Miaka saba alikuwa amefundishwa, naye akafundisha wengine, kwamba anayekonda ana njaa. Akajitibu kama alivyowatibu watoto wa hemani: uji wa lishe asubuhi na jioni, sukari vijiko vitano. Alivyozidi kukonda ndivyo alivyoongeza kijiko. Marguerite ndiye aliyeona kwamba anamaliza jagi la maji kabla ya saa nne, akamsihi akapime. Alijibu kwamba ni jua la Nduta. Mwezi Agosti alianguka miguuni pa akina mama waliokuwa kwenye foleni. Sukari ilikuwa ishirini na saba, zaidi ya mara tatu ya kawaida.

Tangu hapo alitumia dawa, kisha sindano, na hakukosa hata siku moja. Lakini macho yalikuwa yameanza kufifia na nyayo hazikuwa na hisia. Januari mwaka huu kiatu kilimchubua, na alikigundua kidonda alipoona damu kwenye soksi. Mwezi Mei alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Makarius alimchongea magongo kwa mkono wake. Aliyatumia wiki tatu tu, kidonda kikamrudisha hospitali.

Katika miezi hiyo Deborah alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mama yake alimwomba akapime sukari, akamwomba tena. Deborah alimwambia, "Siumwi kitu, mama."

"Hata mimi sikuumwa kitu," Skolastika alimjibu. "Kapime ningali nakuona."

Deborah aliahidi kwenda mama akitoka hospitali. Jumapili iliyopita, sumu ya kidonda ikiwa imekwisha kuingia kwenye damu, Skolastika alimshika mkono mbele yetu akasema, "Nikifa usikae kwenye mkeka. Kapime kwanza, ndipo unililie."

"Ego, mama. Ndiyo," Deborah alisema.

Skolastika alifariki dunia Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Ameacha mama, mume, ndugu wanne na watoto watatu. Junior yupo hapa, Reine yupo hapa. Kama mmemtafuta Deborah tangu asubuhi, msimtafute. Tunajua mila, kwamba mtoto wa marehemu hatoki msibani kabla ya maziko, na tunajua yaliyosemwa jikoni kwamba kamkimbia mama yake. Alhamisi alinyanyuka kwenye mkeka huku wanawake wakimvuta khanga, akaenda na mjomba wake kupima kabla ya kutia kitu mdomoni. Sukari ilikuwa juu sana. Amelazwa, mimba ina miezi saba, na madaktari wamekataa kumtoa hata kwa saa moja. Mtoto wa kwanza ndiye hutangulia kutia udongo. Leo atatangulia Junior, kwa sababu dada yake ametii.

Ee Bwana, mpumzishe Skolastika kwa amani, na umlinde aliyemsikiliza.