Katunge na Barua Iliyotafutwa kwa Wiki Tatu

Kuna jambo nimelificha kwa miaka ishirini na miwili, nalo linamhusu mwanamke tunayemuaga leo. Nitalisema kabla sijaweka kalamu chini. Lakini kazi niliyopewa ni kuandika wasifu, na wasifu una utaratibu wake, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie.

Bi Lynette Katunge anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kukitumikia chuo chetu cha biashara hapa Toronto kwa miaka thelathini na mmoja. Bwana Kimani na kamati yake ya hafla ya kumuaga waliniomba niandike kwa Kiswahili kwa sababu mama yake Katunge amekuja kutoka Machakos. Tena vijana wetu watakaojaa ukumbini Markham husikia Kiswahili na kukijibu kwa Kiingereza, na si vibaya wakikisoma walau mara moja kwa mwaka. Nilifanya kazi na Katunge kwa miaka kumi na minane, mimi nikiwa mkuu wa idara. Sitakuwepo ukumbini. Madaktari wananihesabia wiki, si miezi. Naandika kitandani, na binti yangu Shazia anachapa.

Alifika mwaka 1994 akiwa na shahada ya biashara kutoka Nairobi, koti alilopewa kanisani, na chumba katika ghorofa la Flemingdon Park alichokaa na wauguzi wawili. Chuoni aliajiriwa kupiga nakala. Kila asubuhi alishuka kwenye basi la Don Mills, akaingia chumba kisicho na dirisha, akasimama mbele ya mashine mpaka jioni.

Alichokuwa akikipigia nakala ni visa. Kwa wasioijua kazi yetu, kisa ni simulizi ya kampuni ya kweli, kurasa kama ishirini hivi: wenyewe ni akina nani, wanauza nini, wanashindana na nani, na uamuzi gani umewakaa kooni. Simulizi hukatika pale pale mwenye kampuni anapotakiwa kuamua. Wanafunzi hukisoma nyumbani, na wakija darasani hawapewi mhadhara. Huulizwa tu: ungekuwa wewe, ungefanyaje? Basi hubishana hadi kipindi kiishe, ndipo mwalimu awagawie ukurasa wa mwisho unaoeleza kilichotokea. Visa vyetu vilisafiri. Vyuo vikuu vya Ubelgiji, Italia na Denmark vilivifundishia mkakati wa biashara, na tulijivuna sana kwa hilo.

Siku moja Katunge aligonga mlango wangu, karatasi mkononi, mashine yake imesimama.

“Profesa, samahani. Hiki kiwanda cha sabuni kina matangi mawili ya kuchemshia. Sasa hizi tani zote zinatoka wapi?”

Kisa kilikuwa changu. Nilikuwa nimekifundisha miaka minne, na Ulaya walikuwa wamekifundisha mitatu. Maprofesa walikuwa wamekichambua kwa michoro ya kila rangi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba niliongeza sifuri. Wiki iliyofuata Katunge aliondolewa chumba cha nakala na kuwa mhariri wa visa, na mimi nikazoea kugongewa mlango.

Alikuwa mhariri wa kutisha. Akiambiwa kiwanda kina milango mitatu, alikwenda kuihesabu. Akaweka na sheria yake moja, ambayo kila aliyepita idarani aliijua: kisa hakitoki bila barua. Kampuni ikikufungulia milango, ikakuonyesha vitabu vyake na magomvi yake, basi kabla hujaipeleka darasani lazima mwenyewe asome rasimu na kutia sahihi barua ya ridhaa. Barua hizo Katunge alizitunza katika faili la kijani, na faili alilitunza kama hati ya shamba.

Ulaya walianza kumwita awaonyeshe walimu wao jinsi ya kufundisha kwa visa. Turin ilikuwa mwaka 1999, kisa cha kiwanda cha vifungo. Darasa lilikuwa na wanafunzi sitini, na hamsini na tisa walikubaliana kwamba mzee mwenye kiwanda akifunge, anunue vifungo kutoka Asia. Safu ya nyuma alikaa mzee mwenye kofia, ambaye wote walidhani ni mfanyakazi wa usafi. Mmoja alikuwa hata amemwomba afungue dirisha. Kura zilipohesabiwa, Katunge alimkaribisha mzee aseme neno. Akasimama, akavua kofia. “Nimewasikia. Leo mmekifunga kiwanda changu mara hamsini na tisa. Kesho saa moja asubuhi nitakwenda kukifungua kama kawaida. Dirisha liko sawa?” Nasikia walimu kadhaa huko mpaka leo humweka mwenye kampuni safu ya nyuma bila kumtambulisha.

Huko Aarhus mambo yalikuwa kinyume. Wanafunzi walikuwa wapole, wamejiandaa, na kimya. Aliuliza swali la kwanza, hakuna aliyejibu. Mwalimu mwingine angejijibu mwenyewe, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika ufundishaji huu. Katunge alivuta kiti, akatoa mkobani kiondo, kikapu cha mkonge cha kwao, alichokuwa akikisuka, akaendelea kusuka. Dakika kumi na moja. Mwishowe kijana mmoja akauliza kama kile nacho ni sehemu ya kisa. Akamjibu, “Hapana, hiki ni kiondo. Lakini kwa kuwa umeshafungua mdomo, tuambie: ungeuza au usingeuza?” Mama yake aliyemfundisha kusuka atafurahi kusikia kwamba ujuzi wake umefika Denmark.

Sasa nafika mwaka 2003.

Katunge alikuwa amepangiwa darasa lake mwenyewe kuanzia Septemba, somo la mkakati, na jina lake lilikuwa tayari kwenye ratiba. Mwaka huo huo mimi na yeye tulikuwa tumemaliza kisa cha kiwanda cha viungo vya chakula cha Bwana Hussain, jirani yangu tangu Tanga. Kilikuwa kisa bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Mzee anataka kiwanda kibaki cha familia, mwanawe mkubwa, Riaz, anataka kiuzwe, na hawasemezani mezani. Vyuo vitatu vya Ulaya vilikuwa vimekiweka kuwa kisa cha kufungulia muhula wa pili.

Katunge aliniuliza barua ya Hussain iko wapi. Nikamwambia ipo, nitamletea. Akakitoa kisa kwa neno langu. Ni mara moja tu katika miaka thelathini na mmoja alipovunja sheria yake, na aliivunja kwa kuniamini.

Tulibadilisha jina la kampuni, kama ilivyo desturi. Lakini ndani ya kisa tuliacha mzee anayeonja kila gunia la binzari kwa ncha ya ulimi kabla ya kulipokea. Katika darasa moja Ubelgiji alikaa binti wa binamu yake Hussain. Alipofika ukurasa wa tatu alimjua mjomba wake, na alipofika wa tisa alijua mjomba na mwanawe wanavyotukanana. Akapiga simu kwao. Kabla ya Ijumaa, kila nyumba ya watu wetu kutoka Don Mills hadi Markham ilikuwa na habari.

Hussain akalalamika chuoni. Alisema hajatia sahihi popote. Chuo kikataka barua, na faili la kijani likafunguliwa.

Katika kikao cha idara, mbele ya watu kumi na wanne, nilisema kwamba barua niliiweka kwa mkono wangu katika trei ya Katunge.

Aliitafuta wiki tatu. Alimwaga kila sanduku la stoo sakafuni. Alikwenda mpaka kwa watu wa taka. Nami nilimsaidia, nilishika upande mmoja wa masanduku, yeye akashika mwingine, na katikati ya vumbi lile alikuwa akinipa moyo: “Usijali, Profesa, tutaipata. Mimi sipotezi karatasi.” Wiki ya tatu aliacha kusema hivyo. Alikuja ofisini, akakaa, akatazama viganja vyake. “Basi nimeipoteza mimi,” akasema. “Sikumbuki hata kuiona, lakini wewe huwezi kusema uongo.”

Kumbukumbu za chuo zinasema mhariri alipoteza hati. Kisa kiliondolewa Ulaya. Darasa la Septemba alipewa mwingine. Kuhusu Hussain, chuo kiliamua kwamba mzee alitia sahihi akasahau, au anaikana sahihi yake kwa kuwaogopa watoto. Alifariki mwaka 2009, na neno hilo bado liko kwenye faili.

Wafanyakazi wenzake wa leo humtania Katunge kwa sababu hupiga nakala tatu za kila karatasi, hata orodha ya watakaoleta sambusa kwenye sherehe. Mimi pia nimewahi kucheka. Kabla ya mwaka 2003 alikuwa akipiga nakala moja.

Kampuni za watu wetu wa Afrika Mashariki hazikumfungulia tena mlango. Katika arusi moja tulikaa meza moja, mimi, yeye na Riaz. Riaz alisema kwa sauti ya kusikika meza mbili: “Angalieni mnachosema jamani, tuna mama wa siri za watu hapa.” Katunge akaweka kijiko chini. “Unisamehe, kaka yangu. Nilipaswa kuwa mwangalifu zaidi.” Mimi niliendelea kula biriani.

Alisubiri miaka tisa. Mwaka 2012, nilipokuwa nimekwisha kustaafu, mkuu mpya wa idara alimpa darasa bila kuombwa na mtu. Tangu hapo amefundisha wanafunzi zaidi ya elfu mbili. Ameandika visa kumi na vinne kwa jina lake, na vyote vinafundishwa Ulaya. Ameandaa walimu katika nchi sita. Hata kisa chake kimoja hakijawahi kurudishwa kwa kosa. Wanafunzi wake wanajua kwamba ukisema darasani “kampuni ifanye hivi”, atakuuliza: kampuni nani? Ina jina, ina mke, ina deni la usingizi? Mtaje anayeamua. Vizazi vya mameneja wamejifunza kwake kwamba nyuma ya kila mkakati kuna mtu atakayeamka kesho akaishi nao.

Tangu nilipoanza kuugua huja kila Alhamisi na chupa ya uji wa wimbi. Mwezi uliopita nilimwambia, “Katunge, nina neno la zamani nataka kukuambia.” Akasema, “Mzee, kunywa kwanza, unapoa.” Nikanywa. Alikuwa na habari za wajukuu, na jinsi basi lilivyozunguka Eglinton kwa sababu ya matengenezo, huku akicheka. Chupa iliisha, na ujasiri wangu ulikuwa umeisha kabla yake.

Kwa hiyo naandika. Nilimsema mbele ya watu, na si haki nimsafishe kwa kunong’ona. Karatasi hii ameletewa yeye kwanza, siku tatu kabla ya hafla, na nimemwachia uamuzi: akitaka isisomwe, Bwana Kimani ataiweka kando na kusoma nyingine. Nakala yenye sahihi yangu imekwenda kwa mkuu wa chuo ili faili lisahihishwe, na nyingine kwa Riaz, ili ajue baba yake hakusahau wala hakukana chochote.  Shazia ameendelea kuchapa hata ukurasa huu, na kwa hilo namshukuru.

Bi Katunge, idara nzima inakushukuru kwa kila mlango uliouhesabu na kila tani uliyoitilia shaka. Tunakuombea miaka mirefu yenye afya, mikono isiyokosa kiondo, asubuhi zisizo na basi la kukimbilia, na safari nyingi za Machakos kumkalia mama karibu. Ustaafu wako uwe mwepesi kama ulivyostahili kuwa mwanzo wako.

Sasa lile nililoahidi. Sikuweka barua yoyote katika trei ya Katunge. Hapakuwa na barua. Hussain alisoma rasimu, akanipigia simu Jumanne asubuhi, akasema, “Nasru, umetuandika vizuri mno, ndiyo maana sitaki kisomwe na mtu.” Nilimjibu kwamba nimemwelewa. Alhamisi nilimwambia Katunge akitume.

Nasrudin Jetha